Nyota Ndogo Kwenye Mpini

"Mshike mguu, asipige mizani," nilimwambia.

Yule mama kijana akacheka, akamshika mwanawe mguu. Mizani yangu nilikuwa nimeitundika kwenye ndoano ya dari ya chumba chake, mtoto wa wiki sita yumo ndani ya mfuko wake, analia kana kwamba nimemuuza. Ili usome mshale lazima uinue kichwa. Nikainua, nikasukuma miwani, ndipo nikaiona dari yenyewe.

Nyota za njano. Nne zimekaa kama bakuli, tatu zimejipinda kama mpini. Dubu Mkubwa, kundi la nyota la kaskazini, lile ambalo wengi wetu tunaliona kama upawa tu. Mpini ulikuwa umeelekea upande usio wake.

"Nani kakuchorea dari?"

"Baba mtoto. Ni fundi rangi." Uso wote ukamng'aa. "Aligeuza kiolezo bila kujua, kuja kustuka rangi imekauka. Nikamwambia afute. Akanijibu, 'Wa mbinguni ni wa Mungu, huu ni wa kwetu.'"

Nikashika ukingo wa kitanda.

Maneno hayo niliyasikia miaka sita nyuma, nikiwa nimelala chali chumbani kwangu, bibi harusi wa wiki mbili, mume wangu yuko juu ya ngazi ana njano hadi puani. Dari yangu ina upawa huohuo, umegeuka vilevile. Mara ya kwanza lilikuwa kosa. Mara ya pili ni ujanja wa kumchekesha mwanamke mwingine.

Ila wangu una nyota saba tu. Siku ile alinionyesha kitabuni kwamba ubavuni mwa nyota ya katikati ya mpini kuna nyingine, ndogo, imejibanza.

"Watu wa zamani waliitumia kupima macho," aliniambia. "Wewe na miwani yako, sahau."

"Basi nichoree, niione hapo juu."

Akashuka, akaweka kiganja tumboni kwangu. "Hii naiacha. Siku tukipata mtoto, nitapanda ngazi niichore."

Mimba mbili zilitoka. Pale mahali pakabaki patupu, na kila asubuhi nikifungua macho ndipo ninapopatazama kwanza. Wengine wana kalenda, mimi nina dari.

Nikautazama mpini wa dari hii. Ilikuwepo. Ndogo, ya njano, imebanana na mwenzake.

"Dada nesi, vipi? Uzito haufai?"

"Unafaa, mdogo wangu. Kilo nne na robo." Nikamtoa mtoto kwenye mfuko, nikamrudisha kifuani kwa mama yake. Nikachukua kalamu na kadi ya mtoto. "Mbona hamkuja kliniki? Mpaka nimetumwa kuwafuata nyumbani."

"Baba yake hapendi. Anasema harufu ya dawa inamkumbusha marehemu."

"Marehemu gani?"

Akashusha sauti. "Mke wake wa kwanza. Alifariki akijifungua. Alikuwa nesi kama wewe. Maskini, bado ana majonzi, mpaka leo hataki niguse simu yake, eti ina picha za marehemu."

Jamani. Nimeosha maiti, nimewashona wazazi waliochanika, nimemwambia mama wa watu kwamba mwanawe hapumui. Sijawahi kukaa kitako nikasikiliza habari za kifo changu.

Simu ikatetemeka mfukoni. Meseji: "Mke wangu, nipo juu ya ngazi. Hoteli hii dari zake haziishi. Nitarudi Jumamosi. Nakupenda."

Nikajibu: "Angalia usianguke."

"Yeye yuko wapi sasa?" niliuliza.

"Kafuata sabuni ya mtoto hapo dukani. Huwa anakaa nasi Jumatano mpaka Ijumaa. Siku nyingine anafanya kazi mbali."

Mlango ukasukumwa. Akaingia na sabuni mkononi na simu mkono wa pili, ovaroli ileile niliyoifua Jumatatu. Alikuwa anatabasamu. Lile tabasamu lilikuwa la meseji yangu.

Aliponiona, sabuni ikamponyoka.

"Baba mtoto, huyu ni dada nesi. Katufuata mwenyewe, usinikasirikie," yule binti alisema haraka.

Akaisukuma simu mfukoni.

"Karibu," nikamwambia. "Hoteli imeisha?"

"Ngoja... twende nje tuongee."

"Mnafahamiana?" binti aliuliza. Alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Dada, unamfahamu?"

"Mdogo wangu," nikasema, "mimi ndiye yule marehemu."

Binti akakaa kitandani polepole.

"Anatania," akamwambia mume wangu. "Sema anatania."

"Nilitaka kukwambia..."

"Utaniambia nini? Kwamba kafufuka?"

"Mke wangu, nisikilize," alisema, na sote wawili tukamtazama, maana hatukujua anamwita nani. Akanigeukia. "Miaka sita, mama yangu ananiuliza mjukuu kila siku. Ningefanyaje?"

"Ungeniacha. Ungeoa mwingine nikijua. Ungelia na mimi. Mambo ni mengi ambayo ungefanya." "Lakini kuniua? Kuniua kwa uzazi? Kifo nilichokuwa nakikaribia kila mimba ilipotoka, wewe ukiwa umenishika mkono?"

Alianza kulia. Zamani machozi yake yalikuwa yananiyeyusha.

"Toka," binti akamwambia.

"Huyu ni mwanangu."

"Toka kwanza! Usije ukaniua na mimi kwa mke wa tatu."

Akatoka. Nikaokota sabuni, nikaiweka mezani, nikamaliza kuandika kadi. Penye jina la baba niliandika kwa mkono wangu. Mtoto hana kosa.

Jioni hiyohiyo ikaja meseji: "Nisamehe. Nakuja na brashi, nitaichora ile ndogo leo."

Nikaisoma mara nyingi. Halafu nikajibu, "Marehemu hajibu meseji," nikakokota ngazi yake, ndoo zake na nguo zake hadi barazani, nikafunga mlango kwa komeo. Alibisha mpaka majirani wakatoka. Sikufungua siku hiyo, wala ile iliyofuata.

Mwezi ulipopita nilirudi kumpima mtoto. Kliniki wangeweza kumtuma mwingine, nami ningeweza kukataa. Nilienda.

Binti alikuwa amekonda. Dari alikuwa ameipaka nyeupe yeye mwenyewe, akiwa amepanda juu ya meza.

"Nilitaka zisionekane kabisa," alisema. "Hasa ile ndogo aliyoichora mtoto alipozaliwa."

Sikuwa na moyo wa kumwambia kitu ambacho mke wa fundi rangi hukijua: alitumia rangi ya maji, na nyota zile ni za rangi ya mafuta. Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta. Nyeupe yake ilikuwa imeanza kubanduka hapa na pale, na penye mpini njano ilikuwa inachungulia.

Nikatundika mizani, nikamweka mtoto kwenye mfuko, nikainua kichwa.

"Kaongezeka," nilisema. "Kilo tano na nusu."

"Dada, ile ndogo bado unaiona?"

Nilivua miwani, nikaifuta kwa upindo wa sare, nikaivaa tena.

"Naiona."

Binti akaanza kulia. Nikamtoa mtoto kwenye mfuko, nikambeba mwenyewe, mpaka mama yake alipomaliza.