Injinia Alipobonyeza Ndiyo

Kabati la vitambaa liligoma kufunguka. Halikuwa na kutu wala halikufungwa kwa ufunguo. Lilikataa tu, kama mtu aliyekaza meno. Mshonaji alilivuta mpaka ukucha ukamkatika. Mumewe akatoka chumbani, akaligusa kwa ncha ya kidole, likafunguka lenyewe.

"Pole, mke wangu," akasema kwa sauti laini. "Ungeniita tu."

Mshonaji alishtuka. Mlango wa kabati alikuwa tayari kuusamehe, lakini miaka yote ya ndoa yao mtu yule hakuwahi kumwambia pole.

Mtaa mzima ulimwita Injinia, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Alitunza kompyuta za chuo kimoja cha ualimu, na kila binadamu asiyejua kompyuta alimwita "mtumiaji", kwa namna ambayo wengine husema "kunguni". Mkuu wa chuo alikuwa mtumiaji. Mama mkwe alikuwa mtumiaji. Mkewe, ambaye cherehani yake ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba, alikuwa mtumiaji wa daraja la chini kabisa, na salamu aliyopewa kila asubuhi ilikuwa, "Hujui kitu, nyamaza." Mke naye hakuwa malaika. Alimdharau mumewe vilevile, ila alifanya hivyo kimyakimya, pini zikiwa mdomoni.

Mambo yalikuwa yameanza jana yake, Jumamosi, mchana kweupe. Injinia alirudi na kishikwambi kikuukuu alichokinunua kwenye mnada wa vitu vya marehemu fulani asiye na ndugu. Kilikuwa na ufa mgongoni na kilinuka nywele zilizoungua. Akaeleza bila kuulizwa kwamba ndani kinaendeshwa na Linux, ile programu mama inayoiongoza mashine, ila waliokitengeneza wamefunga milango yote, mnunuzi anaachiwa sebule tu. Yeye angeshuka mpaka kwenye mzizi. Mafundi wanapaita hivyo, mahali pa chini kabisa ambapo mashine haikuulizi tena una ruhusa gani: ukisema fungua inafungua, ukisema futa inafuta.

Akakiunganisha kwa waya na kompyuta yake pale mezani, akaanza kuandika amri huku akitukana. Binti yao mdogo alikuwa sakafuni akipanga vifungo vya mashati. Amri zilikataliwa, akaandika nyingine, zikakataliwa, mpaka kwenye kioo cheusi ikatokea alama ya reli, ile #, na Injinia akaipiga meza kwa ngumi.

"Umeona hiyo? Maana yake nimefika. Humu sasa bwana ni mimi."

Kuna amri fupi ambayo mafundi huitumia kujihakikishia. Unaiuliza mashine: mimi ni nani? Ukiwa umefika chini, inakujibu kwamba wewe ndiye mzizi. Injinia akauliza.

Ikajibu: *Si wewe.*

Akacheka. "Kuna mjinga kafanya mzaha humu."

Yakafuata maandishi marefu, mistari imebanana kama chawa, na chini yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana.

"Si usome kwanza?" mkewe akasema.

"Yale huandikiwa watumiaji," akajibu, na akabonyeza Ndiyo.

Mshonaji aliwahi kusoma kipande kimoja tu kabla hayajafutika: *nyumba hii na vilivyomo na walio ndani yake.* Mumewe akanyanyua uso, akatazama kuta, dari, mtoto, kama mpangaji anayekagua chumba. Halafu akainuka, akaenda kuosha vyombo.

Na hapa ndipo kwenye aibu, maana mshonaji alifurahi. Mtu aliyekuwa hajui sufuria zinakaa wapi sasa alipika, akafagia, akamkanda mabega jioni. Alisikiliza visa vya wateja mpaka mwisho. Jumatano mshonaji alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni, akamshika shavu na kumwambia, "Ungekuwa hivi tangu mwanzo! Yule mwingine abaki hukohuko aliko." Alisema kwa mzaha. Nusu yake haikuwa mzaha.

Lakini bomba la jikoni halikumpa maji mpaka mumewe aitikie kwa kichwa. Dirisha halikufunguka. Cherehani iligoma katikati ya mshono, sindano imesimama hewani, na sauti laini ikatoka chumbani, "Endelea," ndipo ikashuka. Mshonaji alijiambia ni unyevu, ni mafuta yamekauka, ni vitu vya zamani. Mtu anayetendewa wema kwa mara ya kwanza hana haraka ya kuuliza umetoka wapi.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, binti alijikwaa kwenye zulia akaangukia goti, akafungua mdomo amwite mama yake, na mdomo ukabaki wazi bila sauti, shingo imevimba, machozi yanashuka, macho yamemgeukia baba yake kama mtu anayesubiri zamu, na baba yule akaendelea kufuta sahani, taratibu, mbele na nyuma, harufu ya nywele zilizoungua ikijaa chumba kizima, kisha akasema bila kugeuka, "Bado."

"Bado nini?" mshonaji akanong'ona.

"Hajapata ruhusa, mke wangu."

Akageuka akimtabasamia. Hakupepesa macho.

Mshonaji alimbeba mtoto akakimbilia mlangoni. Kitasa kilikuwa kama kimechongwa ukutani.

"Omba tu," sauti ikasema.

Akaomba. Alipiga magoti kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe, akasema anataka kwenda kununua uzi, tafadhali. Mlango ukafunguka. "Mtoto abaki," ikasema sauti, na mikono ya mshonaji, bila yeye kutaka, ikamweka mtoto chini.

Alirudi na shangazi yake. Mama huyu alitibu watu wenye majini, na aliongea na majini kama unavyoongea na mpangaji anayeiba sabuni. Mlango uliwafungukia wenyewe.

"Karibu, bibi," likasema lile lililokuwa na sura ya Injinia. "Mwenye nyumba alinikaribisha kwa kidole chake mwenyewe. Utanitoa kwa lipi?"

Shangazi akalitazama juu mpaka chini, akasonya. "Jini zima na akili zako, unaishi kwenye kishikwambi chenye ufa. Wenzako wanaishi milimani." Akamvuta mshonaji kando, akashusha sauti. "Aliyesema ndiyo ndiye wa kusema hapana, na huyo kafukiwa chini. Ni kitu gani mumeo hawezi kukisikia akanyamaza?"

Mshonaji hakuhitaji kufikiri. Alikwenda mezani, akakichukua kile kishikwambi.

"Shangazi, tunajisumbua bure," akasema kwa sauti kubwa. "Hii Linux si aina ya betri? Ikiisha chaji inakwisha yenyewe."

Shavu la mumewe likaruka.

"Na huo mzizi niliuona mwenyewe. Ni huu waya wa kuchajia."

Tabasamu likapinda. Kutoka kooni, mbali, kama mtu aliye kisimani, ikapanda sauti ya kukwaruza: "Si... waya... mtumiaji wewe... hujui kitu, nyamaza..."

Shangazi akapiga meza kwa kiganja. "Injinia! Unaliruhusu au huliruhusu? Safari hii sikiliza swali!"

"Hapana," ikasema ile sauti, sasa karibu. "Hapana! Hapana!"

Madirisha yakafunguka kwa kishindo, bomba likafoka, cherehani ikakimbia peke yake bila kitambaa, na binti akapiga ukelele uliokuwa umekwama kifuani, "Mamaaa!" Kishikwambi kikapasuka vipande viwili mikononi mwa mshonaji. Shangazi akavitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya chumvi, akajifuta mikono.

"Limekwenda," akasema. "Na lilikuwa na adabu kuliko aliyelialika."

Alipoondoka, Injinia alikuwa amekaa sakafuni, shati limelowa jasho, binti amelala begani kwake. Mshonaji alisubiri matusi. Hata aliyataka.

"Kule chini hakuna giza," mumewe akasema, akitazama vifungo vilivyotawanyika. "Kuna kusikia tu. Nilikuwa nasikia kila kitu."

"Kila kitu?"

"Hata Jumatano."

Hakusema kwa hasira wala kwa dharau. Bomba lilikuwa bado linamwaga maji. Mshonaji akaenda jikoni kulifunga, na akakaa huko muda mrefu baada ya maji kukatika.