Somo Moja Tu

Duka la vitabu lilikuwa limefurika watu hadi mlangoni. Wiki ya kufungua shule ndivyo inavyokuwa: wazazi wanasukumana na orodha mikononi, watoto wanalilia mikoba yenye picha, wauzaji wamepanda ngazi wanarushiana madaftari kama matofali. Katikati ya purukushani hiyo, mwanamke mmoja aliyevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, alilolishona mwenyewe, alichuchumia rafu ya juu kuchukua kitabu cha hisabati kilichobaki kimoja tu. Mkono mwingine, mrefu kuliko wake, ukakishika upande wa pili.

"Samahani, kaka. Nimekiona kwanza."

"Mimi nimekifikia kwanza, dada."

"Kwa urefu huo hata dari unaifikia. Hiyo si hoja."

Mwanamume akacheka. Alikuwa ndani ya ovaroli ya kijivu, bisibisi tatu zimejipanga kwenye mfuko wa kifuani. "Unamnunulia mtoto?"

"Najinunulia mwenyewe. Jumatatu naanza masomo ya jioni, pale shule ya nyuma ya posta."

"Hata mimi naenda hapo hapo."

"Kumbe! Afadhali." Uso wake ulichanua. "Nilikuwa naogopa nitakuwa peke yangu, mtu mzima na miaka yangu thelathini, naanza upya kutoka sifuri. Sasa tupo wawili."

Mwanamume alifungua mdomo kutaka kusema jambo, akaufunga. Kisha akasema, "Basi tukichangie. Wewe Jumatatu mpaka Jumatano, mimi siku zinazofuata."

"Na Jumapili?"

"Jumapili tunakisoma pamoja."

"Una haraka wewe!" akamwambia. Lakini namba ya simu alimpa.

Darasa lilianza na watu thelathini na mmoja, katika chumba cha shule ya msingi walichoazimwa baada ya watoto kwenda nyumbani. Madawati yalikuwa ya watoto wa miaka saba, kwa hiyo dereva wa teksi, mlinzi wa benki, muuza samani na bibi mmoja mwenye wajukuu watano walikaa magoti yakiwagusa videvu. Haikuchukua wiki mbili kila mtu akapata jina. Mwanamke wa gauni la bluu alikuwa mshonaji kwenye karakana ya sare, basi wakamwita Sindano. Yule mrefu alikuwa fundi wa lifti. Wakamwita Ghorofa.

Sindano aliacha shule kidato cha pili, mama yao alipofariki. Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea na kumtafutia kazi ya cherehani, na dada huyo hakuficha maoni yake.

"Wenzako wanatafuta waume, wewe unatafuta kipeo cha pili," alimwambia kila jioni alipomwona anafungasha madaftari.

"Nikikipata nitakuonyesha, dada," Sindano alijibu, akatoka.

Hesabu zilimjia kirahisi, maana mtu aliyekata vitambaa miaka tisa anajua robo na theluthi kwa macho. Ghorofa yeye, hesabu zilimtoa jasho. Sindano alimfundisha kwa mabaki ya vitambaa juu ya dawati, akivikunja na kuvikunjua mpaka jitu lile likatabasamu na kusema, "Aa! Sasa imeingia." Kwenye kemia na historia, Ghorofa alikuna kichwa vilevile, na Sindano, kwa fahari, akamweleza aliyokesha akiyasoma.

Simu zikaanza, saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja akielekea kazini.

"Umeamka, mwalimu wangu?"

"Nimeamka. Niambie kipenyo ni nini."

"Kipenyo ni... mpenzi, hata salamu hunipi?"

"Salamu baada ya jibu."

"Mstari unaokata duara katikati."

"Haya. Umeamkaje, kipenzi?"

Mwaka wa pili walibaki kumi na wanne. Wengine walishindwa na zamu za kazi, wengine na watoto, wengine na aibu tu. Sindano hakukosa hata siku moja. Aliomba zamu ya alfajiri karakanani ili jioni awe huru, akatembea na kadi za kemia kwenye mkoba wa mkanda wa kupimia. Alitaka kwenda chuo cha uuguzi, na alipotaka kitu alikuwa haangalii pembeni.

Miezi miwili kabla ya mtihani, orodha ya watahiniwa ilibandikwa mlangoni mwa ofisi. Sindano alilitafuta jina lake, akaona masomo yake saba yamejipanga. Akashuka kulitafuta la Ghorofa. Mbele yake palikuwa na somo moja: Hisabati.

"Hapa mmekosea," alimwambia karani. "Huyu anafanya masomo saba kama sisi."

Karani alitazama karatasi yake. "Hatujakosea. Huyo cheti anacho miaka kumi na miwili sasa. Anarudia hesabu peke yake."

Sindano alihisi masikio yanawaka. Akatoka nje, akapiga simu hapo hapo.

"Mpenzi, niko juu ya lifti, ghorofa ya tano, nikupigie..."

"Kemia ulipata alama gani, miaka kumi na miwili iliyopita?"

Waya zilisikika zikigongana kwa mbali.

"Nisikilize..."

"Alama gani?"

"Nzuri," akasema kwa sauti ndogo.

"Na mimi mwaka mzima nakueleza chumvi na asidi, nawe unatikisa kichwa kama hujui! Ulikuwa unacheka moyoni, siyo? Unamhurumia mshonaji?"

"Sijawahi kukucheka. Wallahi."

"Hesabu zako utajifundisha mwenyewe," akasema, akakata.

Ghorofa alipiga mara kumi na moja siku hiyo. Hakupokea. Darasani Sindano alihamia dawati la mbele, karibu na bibi, na kitabu cha hisabati akampelekea Ghorofa kwa mkono wa dereva wa teksi. Usiku alilia kidogo, akajifuta, akafungua kemia. Alijiambia kwamba kama ni kuachwa ataachwa, ila kufeli hafeli. Mtihani aliufanya karatasi moja baada ya nyingine, kalamu imeshikwa kama mkasi, bila kugeuka nyuma.

Matokeo yalitoka, na mwezi mmoja baadaye, Jumamosi saa nne asubuhi, darasa likakutana kuagana. Waliosha ubao, wakapanga soda na biskuti juu ya yale madawati madogo. Mwalimu wa hisabati, mama mmoja mkali anayekaribia kustaafu, aliketi kwenye kiti chake na kusema, "Miaka miwili nimesema mimi. Leo semeni nyinyi. Mmoja mmoja."

Dereva wa teksi aliomba radhi kwa kukoroma vipindi vyote vya jiografia. Mlinzi alisema sasa anaandika ripoti yake mwenyewe bila kumtafuta mtu. Bibi alisimama taratibu. "Mjukuu wangu wa mwisho alinicheka eti bibi anaenda shule. Juzi kaleta hesabu zake nimkagulie. Nilimkosoa tano!" Darasa zima likapiga meza.

Sindano alikuwa amevaa sketi nyeusi na blauzi ya njano, nywele zimesukwa nyuma. "Miaka kumi na moja nimewashonea wauguzi sare," alisema. "Nimewapima viuno, nimewafupishia mikono, wakavaa wakaenda zao. Chuo kimenipokea. Jumatatu ijayo naondoka, na sare nitakayoshona sasa ni ya kwangu." Akaketi kichwa kikiwa juu.

Kisha Ghorofa akasimama. Shati jeupe limepigwa pasi mpaka limekauka kama karatasi, mikono hajui aiweke wapi.

"Mimi nimefeli hesabu mara tatu," alianza. "Cheti nilikuwa nacho, lakini bila hesabu hakinisaidii. Vijana niliowafundisha kazi wamekuwa wakubwa wangu, kwa sababu ya somo moja. Niliona aibu kusema. Wakati najiandikisha, ratiba yangu ilikuwa Jumanne na Alhamisi tu." Akatazama dawati la mbele. "Siku nyingine zote nilizokuja hapa, nilimfuata mtu mmoja. Nimepata C. Hiyo C ni yake."

"Tunamjua!" akapiga kelele muuza samani. Kicheko kikalipuka. Sindano hakucheka. Aliinuka, akatoka kwenye baraza, na Ghorofa akamfuata.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza. "Mimi sikuona aibu kukuambia yangu."

"Siku ile dukani ulisema afadhali tupo wawili, tunaanza sifuri pamoja. Ulifurahi sana. Nikaona nikisema ukweli, utabaki peke yako tena. Kesho yake nikasema nitakuambia kesho. Kila siku ikawa kesho."

"Sitaki kuhurumiwa. Nilifurahi kukufundisha, na wewe ukanichukulia kama mtoto anayepewa ushindi wa bure."

"Nimekosa. Kweli nimekosa."

Sindano alimsogelea. "Sasa niambie kweli moja, hata kama itaniuma."

"Sitaki uende. Miaka mitatu, mwendo wa saa nane kwa basi, sijui nitaishije. Na ukiacha chuo kwa ajili yangu, sitakusamehe. Nenda. Ila nenda ukijua kuna mtu anataka kukuoa, hata leo, hata ukimaliza."

"Sitaolewa kabla sijamaliza."

"Nitasubiri."

"Na nikianza kazi siachi, hata watoto wakija."

"Wakija, mimi nitapanga zamu."

"Na ukinidanganya tena, hata kwa wema..."

"Sirudii."

Sindano alimshika mkono, ule wenye makovu ya waya, akaubana kwa nguvu. "Basi ndiyo," akasema. "Ndiyo, Ghorofa. Usilie, watu wanatuchungulia dirishani."

Kisha akatoa simu, maana mambo mengine alitaka yasemwe kabla ujasiri haujapoa.

"Dada? Kesho usitoke. Kuna mtu anakuja kujitambulisha."

"Nini? Mtu gani? Wewe si unakwenda chuoni?"

"Naenda. Na huyu nimempata, yupo hapa pembeni yangu anatetemeka."

Upande wa pili dada akakohoa, sauti ikalainika huku ikijitahidi kubaki kali. "Amesoma huyo?"

Sindano alimgeukia Ghorofa, akamtazama juu mpaka chini, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kupita kiasi, dada," akasema. "Kupita kiasi."