Viatu Visivyochoka

Zulekha alifika Kariakoo adhana ya magharibi ikilia, wauza mitumba wakikunja maturubai. Alitaka viatu imara, basi. Zilibaki wiki mbili kabla kundi lao la akina mama wa Buguruni halijatembea kwa miguu hadi Bagamoyo. Mwaka jana magoti yalimgomea njiani, Bunju, akapakiwa kwenye gari la maji lililowafuata kama gunia la mkaa. Mwaka huu alitaka kufika.

Abdulmalik, muuzaji, alimpa buti za kupandia mlima, soli nene.

"Mama, usivivae leo. Viloweke kwanza maji ya chumvi, vilale."

"Kwani vina chawa?"

"Kila mtumba una mwenyewe."

Desturi hiyo Zulekha aliijua. Mama yake aliloweka hata soksi. Lakini kandambili yake ilikuwa imekatika ukanda, na nyumbani ndoo ya nguo chafu ilimsubiri. Akavivaa pale pale.

Ndani kulikuwa na joto.

Joto bichi, kama kuingiza mguu kwenye kinywa cha mtu.

Akashika njia ya Gerezani. Magoti hayakuuma. Pumzi haikukata. Kila alipotaka kupunguza mwendo, miguu ilikataa. Chwap... chwap... chwap... Harufu ikapanda, ya utumbo wa samaki uliosahauliwa kwenye ndoo.

Alifika Buguruni bila tone la jasho. Akavua mlangoni. Mguu ukatoka na utando mweupe, laini, kama ule wa juu ya maziwa ya moto. Ndani ya utando, kucha. Nene, za njano, za mwanamume.

Sita.

Alitapika mpaka nyongo.

Kesho yake jioni alivirudisha. Abdulmalik aliupokea mfuko kwa ncha ya mti wa kutundikia nguo.

"Ulivivaa," alinong'ona.

"Mwenyewe ni nani?"

"Simjui. Wewe ni wa nne kuvirudisha. Na wote walisema vinatembea vizuri." Akashusha sauti zaidi. "Ukivumilia harufu, mama, Bagamoyo unafika. Tena wa kwanza."

Zulekha aliliwaza lile gari la maji, na shoga zake walivyomcheka mwaka mzima.

"Bora nikwame Bunju kwa miguu yangu," alisema. "Hivyo vichome."

Akaondoka na raba za binti yake, alizokuja amezivaa, zikimbana. Gerezani kisigino kikachubuka, magoti yakaanza kuwaka. Maumivu hayo aliyajua. Yalikuwa yake. Akakaa juu ya tairi bovu nje ya gereji, karibu acheke.

Vidole vya mguu wa kulia vikakunjika ndani ya raba. Vikakunjuka.

Hakuvikunja yeye.

Vya kushoto vikafuata. Kulia... kushoto... Vikitafuta mwendo. Zulekha alikandamiza magoti kwa mikono miwili, akaegemeza uzito wake wote.

Miguu ikasimama. Ikabidi naye asimame.

Ikaipa Buguruni kisogo, ikashika njia ya Jangwani, ile iendayo Bagamoyo.