Jenereta Tatu na Simu Moja

Ukitaka kugombana na mtu usiyemjua, nenda duka la majenereta Jumatatu mchana, mtaa mzima ukiwa hauna umeme tangu Ijumaa. Hapo ndipo Miwani na Kimya walipokutana. Watu walikuwa wamejazana mpaka mlangoni, kila mmoja anauliza bei kwa sauti kubwa kuliko mwenzake, harufu ya petroli imetanda, na barazani mashine mbili zinanguruma kwa majaribio.

Dada mwenyewe alikuwa mpima macho, na mtaani walimwita Miwani, ingawa hakuwahi kuivaa. Alikuwa ametoka kazini mbio wakati wa chakula, gauni la bluu limemkaa sawasawa, koti jeupe la kazi amelikunja mkononi. Alipita katikati ya watu akaenda kusimama mbele ya jenereta kubwa kuliko zote.

"Nifungashieni hii."

Fundi aliyekuwa ameinama pembeni alinyanyuka, akajipangusa mikono kwenye ovaroli. Wenzake walimwita Kimya, maana katika duka lile lenye makelele yeye peke yake alizungumza kwa sauti ya chini, na watu walilazimika kusogea ili wamsikie.

"Karibu, dada. Nani atakuwa anavuta kamba?"

"Kamba gani?"

"Ya kuiwashia. Hii haina kitufe."

Weee! Miwani alikuwa na njaa, na siku tatu hajalala vizuri. "Kwa hiyo mwanamke hawezi kuvuta kamba?"

Hakungoja jibu. Alimkabidhi koti lake mama mmoja aliyekuwa karibu, akakanyaga chuma cha chini kwa kiatu chake cha kisigino, akavuta mara moja tu. Mashine ikawaka! Watu wakapiga makofi. Kimya naye akapiga, kisha akaizima.

"Wewe nimekuona, hongera. Na siku ambayo hupo nyumbani?"

Miwani aliiachia kamba. Nyumbani alikuwepo mama yake, mgonjwa wa mapafu, anayepumua kwa mashine ya oksijeni, na mikono yake haikuweza kufungua hata chupa ya maji. Tangu Ijumaa walikuwa wakitumia mtungi wa kuazima kutoka hospitali. Kaka yake Miwani alikuwa ameshapiga simu na kutoa amri: Jumamosi anakuja kumchukua mama, akaishi kwake, mji mwingine, ambako umeme haukatiki ovyo. Na mama hataki. Alisema wakimtoa kwenye nyumba yake atakuwa mgeni mpaka siku yake ya mwisho.

Yote haya Miwani aliyasema palepale, mbele ya mtu asiyemjua hata jina. Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu alisikilizwa.

"Basi hii haikufai," Kimya alisema. "Ni kubwa, itakunywa mafuta bure, na kelele zake zitamuua mama kabla ya ugonjwa. Nipe namba yako. Nitakutafutia."

Jioni umeme ulirudi. Kesho yake mchana simu ililia kazini kwa Miwani, mzee mmoja akiwa kwenye kiti anasoma herufi ukutani.

"Ni mimi, Kimya wa majenereta. Nina mashine tatu hapa," alisema. "Nitaziwasha moja moja. Kwa kila moja nitasimama hatua tano kutoka ilipo, niongee. Wewe uniambie ipi unanisikia."

"Haya, mwalimu."

Ya kwanza ilikuwa ileile kubwa. Miwani alisikia mngurumo, akasikia kwamba mtu anasema kitu, basi.

"Sijaambulia hata neno!"

Ya pili. "Nakusikia, lakini kama uko ndani ya pipa."

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kuwashia kwa kitufe. "...na tangu asubuhi sijapata hata chai," sauti ilikuja taratibu, kila neno wazi.

"Maskini, hujapata chai! Hiyo hiyo, Kimya. Nataka hiyo." Alikuwa anacheka. "Na kwenye ile ya kwanza ulisema nini?"

"Nimesahau."

"Muongo."

"Basi sijasahau. Ila sirudii."

Mzee wa herufi aligeuka kitini. "Binti, hiyo ni simu ya kazi?"

"Ya kazi, mzee."

"Mbona unachekea ukuta?"

Jumatano jioni Kimya alifika nyumbani kupima matumizi ya umeme, amevaa shati jeupe lililonyooshwa, daftari mkononi. Ovaroli aliiacha dukani, na mimi na wewe tunajua kwa nini. Alimwamkia mama, akaketi, akaeleza kwamba hawezi kufunga kitu kabla ya kujua vitu gani haviwezi kusubiri umeme ukikatika. Mama alianza kuvitaja: mashine ya oksijeni, friji yenye dawa, taa mbili. Miwani akaenda jikoni kuchemsha chai, huku anaimba, na huyu dada hakuwa mtu wa kuimba.

"Na mashine ya kunyolea ndevu," mama alisema. "Hiyo usiisahau. Iko chumba cha pili, nenda kaione."

Kimya alikwenda. Chumba cha pili kilikuwa cha Miwani, koti lake jeupe likiwa limetundikwa mlangoni. Chini ya kioo palikuwa na mashine ya kunyolea ya kiume, ipo kwenye chaji, taa yake ndogo ya kijani inawaka. Kando yake burashi ya ndevu.

Wewe ungeuliza. Hata mimi ningeuliza. Lakini fundi umeme akiona kitu kiko kwenye chaji anajua kinatumika, na kama kinatumika kina mwenyewe. Aliandika, akafunga daftari, akanywa chai nusu kikombe.

"Asante kwa chai, mteja," alimwambia Miwani mlangoni.

Alhamisi Miwani alipiga.

"Habari yako, bwana Kimya?"

"Salama, mteja."

"Tangu lini mimi mteja?"

"Jenereta inafungwa kesho asubuhi. Kutakuwa na mtu nyumbani?"

"Mama yupo. Mimi niko kazini. Kimya, kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Hata usiku haujaingia, Miwani alikuwa ameshasukuma sahani pembeni. "Fundi wako amebadilika," alimwambia mama yake.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimpa chai tu!"

"Labda hukutia sukari," mama alisema, lakini alimtazama mtoto wake kwa muda mrefu. Aliumia, Miwani. Siku tatu zilitosha kumzoea mtu, na sasa alijiona mjinga.

Ijumaa Kimya alikuja mwenyewe. Moyo umevunjika au haujavunjika, kazi ya mtu anayepumua kwa mashine asingemwachia mwingine. Jenereta aliiweka nyuma ya nyumba juu ya zege, mbali na madirisha yote, kwa sababu moshi wake unaua. Kwenye mashine ya oksijeni akafunga betri ya kushikilia dakika chache. Kitufe chekundu akakivutia waya mpaka ukutani, kando ya kiti cha mama. Kisha akazima umeme wa nyumba, na mama akabonyeza mwenyewe, mara tatu, kwa kidole gumba.

Wakaanza kujaribu vitu vyote vya kwenye daftari.

"Imebaki ile ya baba mwenye nyumba," Kimya alisema, macho chini.

"Ya nani?"

"Ile ya kunyolea."

Mama alicheka mpaka akalazimika kushika bomba la pua. "Mwenye nyumba ana mwaka wa sita kaburini, mwanangu! Hebu niletee."

Akaiwasha. Ikavuma kwa sauti ndogo, nzito.

"Kila Jumapili asubuhi alikuwa ananyolea pale uani. Mimi niko jikoni, nikiisikia najua mume wangu yupo. Sasa huwa naiwasha dakika moja, naizima. Chumba kile kilikuwa chetu, hii ikabaki hukohuko." Akaizima. "Wakinihamisha hapa, nitaiwashia wapi?"

Kimya alifunga daftari.

"Wewe ulidhani ni ya nani?" mama aliuliza. Kisha akapiga paja lake. "Ala! Ndiyo maana binti yangu jana hakula."

Fundi alikuwa ameshatoka uani, simu sikioni.

"Miwani."

"Mteja anaongea. Nikusaidie nini, fundi?"

"Nimekosa. Nilidhani una mume."

"Mume? Nimemficha wapi, kabatini?"

"Nilimwona kwenye chaji."

Miwani akaelewa, akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. "Yaani umenionea wivu na marehemu baba yangu?"

"Nisamehe, mpenzi." Neno lilimtoka lenyewe.

"Si ungeuliza tu!"

"Niliogopa jibu."

Miwani alivuta pumzi. "Kesho saa nne kaka anafika. Uje. Na ukiniita mteja tena, ile kamba ya jenereta nitakuvuta nayo wewe."

Jumamosi kaka mtu aliingia na begi tupu la kuwekea nguo za mama. Alikuwa mtu mzuri, ila mwenye haraka ya kuamua. Alizunguka nyumba mikono kiunoni, akasikiliza maelezo ya fundi, akaguna.

"Na mama akiwa peke yake?"

Kabla mtu hajajibu, alikwenda kwenye swichi kuu akaishusha mwenyewe. Taa zikazima, friji ikanyamaza, betri ikaanza kulia pii, pii. Miwani alitaka kukimbia. Kimya akamshika mkono wa gauni. "Mwache."

Mama hakuwa na haraka. Alinyoosha kidole gumba, akabonyeza. Taa zikarudi. Mashine ya oksijeni iliendelea kupumua naye, haikuwa imekatika hata mara moja. Kaka alikwenda dirishani, akatega sikio.

"Imewaka kweli? Mbona siisikii?"

"Taa unazionaje, mwanangu?" mama alisema. "Nasi tukimaliza kunywa chai, hilo begi lako utarudi nalo."

Kaka alimtazama mama yake, akamtazama fundi, halafu akacheka na kulisukuma begi chini ya kiti kwa mguu.

Miwani alimvuta Kimya mpaka nyuma ya nyumba. Jenereta ilikuwa inavuma pale kwenye zege. Alihesabu hatua tano kutoka ilipo, kuelekea nyumba, akasimama.

"Sasa sema uliyosema kwenye ile ya kwanza."

"Ile ilikuwa na kelele. Ndiyo maana niliweza."

"Sema, mpenzi. Nakusikiliza."

Alisema, kwa ile sauti yake ya chini: "Nilisema, natamani nikuoe."

"Siku ya pili tu ya kujuana?"

"Siku ya pili. Leo ya sita, na bado natamani. Utakubali?"

Dirisha la chumba alichokaa mama lilikuwa upande huohuo, nalo lilikuwa wazi.

"Mjibu mwenzio!" mama aliita. "Tumesikia wote huku!"

"Hata mimi nimesikia, shemeji," kaka akadakia.

Miwani alijifunika uso kwa viganja, mabega yakitetemeka kwa kicheko. Alipoviondoa, alimtazama Kimya machoni.

"Nakubali," alisema, na hakuhitaji kupaza sauti.

Ndani ukasikika mvumo mwingine, mdogo, mzito. Mama alikuwa ameiwasha ile mashine ya kunyolea, ingawa haikuwa Jumapili.