Alama Mbili kwa Nyanzala

Saa tatu kamili asubuhi kionjeo, mashine ya kuonja, kiliwasha sigaa ya kwanza. Mkono wa chuma ulikata ncha ya kuvutia, mwali mdogo wa gesi ukaizunguka ncha ya pili mpaka ikaiva nyekundu, kisha bomba la kioo likaanza kuvuta taratibu, kama mzee asiye na haraka na siku yake. Ndani ya bomba ulilala ulimi. Ulikuwa ulimi hasa, umekuzwa maabara kwa chembe hai, mnene, mwekundu, umelowa mate ya kutengenezwa. Moshi ulipita juu yake, ukatua kidogo, ukatoka. Kalunde Mihayo alikuwa ameketi mbele yake na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa, na hata baada ya miezi kumi na moja hakuwa amezoea kuutazama.

"Bibi Harusi, jani la Songea," kionjeo kikasema. "Kwa ulimi wa Kalunde: saba. Tamu mwanzoni, halafu inachosha. Kwa ulimi wa Pazi: saba na nusu."

Kalunde aliitikia kwa kichwa. Angevuta mwenyewe angesema hivyo hivyo, saba, na hata lile neno la kuchosha ni lake.

Sigara na sigaa, ndugu msomaji, si kitu kimoja. Sigara ni karatasi na makapi, mtu anavuta akikimbilia treni. Sigaa ni jani juu ya jani, limesokotwa kwa mkono, na anayeivuta hamezi moshi. Anauweka mdomoni, anauzungusha, anautoa. Tabora ya mwaka 2094 ilikuwa na treni za sumaku, roboti za kufagia masoko na mvua za kupangiwa ratiba, lakini sigaa bado zilisokotwa kwa mikono ya watu, kwa kuwa wanunuzi wenye fedha zao walitaka hivyo. Kazi iliyochukuliwa na mashine ilikuwa ya kuonja. Waonjaji walikuwa wakiugua, na kwa hilo Kampuni ya sigaa haikusema uongo.

Kabla ya hapo waonjaji walikuwa wawili, Kalunde na Pazi Kondo. Miaka ishirini na sita walikaa meza moja, wakavuta sigaa zile zile, wakazipa alama za hadi kumi, na hawakupatana. Yeye Mnyamwezi, mwenzake Mzaramo wa Maneromango. Watani, tena wa kutoka enzi za mababu, tangu Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Pazi alizoea kumwuliza, nyinyi kazi yenu kubeba, kuonja mlijifunzia wapi? Naye Kalunde humjibu kwamba Mzaramo akisikia ngoma husahau hata jina la bosi wake. Hivyo ndivyo siku ilivyokuwa ikianza, na isipoanza hivyo wote wawili walijua kuna mtu anaumwa.

Miaka tisa ya mwisho walivaa kinasamwili, kifungo kidogo cha kubandika chini ya taya kilichonasa mate, pumzi na mapigo ya moyo wakati wakivuta. Kionjeo kilisoma mwili, kikasikiliza alama iliyotamkwa, kikajifunza ndimi zao. Pazi alipofariki kwa maradhi ya koo, miezi kumi na moja kabla ya asubuhi hiyo, kionjeo kikaendelea na ulimi wake kana kwamba hapakutokea kitu. Kalunde akabakizwa kama shahidi tu, wa kukaa pale na kuthibitisha.

Nami nitasema lililo kweli: hakuwa akienda kazini kwa ajili ya kuthibitisha. Nyumbani kwake Kiloleni hapakuwa na mtu. Mume alikwishaondoka siku nyingi, mtoto mmoja aliyejaliwa alihamia mji wa Mwezini na huongea naye mara moja kwa mwezi, na maneno huchelewa kufika mpaka hamu ya kuyasema inaisha. Siku nzima ingeweza kupita bila mtu kumtania. Alikuwa akienda kazini kusubiri sigaa ya tatu.

Sigaa ya tatu ilikuwa Nyanzala. Jani hilo lilibeba jina la mama yake, kwa sababu mama yake ndiye aliyelizalisha huko Sikonge, akichagua mbegu mwaka hadi mwaka kwa miaka thelathini, akinusa kila jani kwa pua yake. Ukilivuta unapata asali ya nyuki wadogo, kisha karanga zilizoungua kidogo, kisha mwishoni uchungu mwembamba unaokufanya utake kuvuta tena. Kionjeo kiliivuta.

"Kwa ulimi wa Kalunde: tisa. Kwa ulimi wa Pazi: mbili. Moja ya kiberiti, moja ya kumhurumia aliyelima."

Kilikuwa kimehifadhi hata maneno. Kwa miaka ishirini na sita, kila Nyanzala ilipopita mezani, Pazi alisema maneno hayo hayo, kwa sura kavu, na Kalunde akamtukana hadi babu yake wa tatu, wakacheka. Sasa aliyasikia kwa sauti ya mashine isiyo na pwani wala bara, na bado kifua chake kilipata joto. Alitabasamu peke yake mbele ya ulimi wa maabara.

"Wastani: tano na nusu," kionjeo kikaendelea. "Kuanzia leo, kiwango cha kubaki sokoni ni sita. Nyanzala inaondolewa. Mbegu zitateketezwa Ijumaa. Shahidi athibitishe."

Tabasamu likamfia mdomoni.

Zamani haikuwa hivi. Zamani alama zilipelekwa kwa mwenyekiti, mtu wa Urambo aliyejua maana ya watani, naye akifika kwenye ile mbili huikata kwa kalamu huku akitikisa mabega kwa kucheka. Lakini makao makuu yalihamia Kituo cha Angani, ambako kuwasha kiberiti ni kosa la jinai na hakuna aliyewahi kushika sigaa. Huko walipokea namba, basi.

Hakuthibitisha. Alimwita Mhandisi Adeltruda Haule, msimamizi wa mashine, mwanamke wa miaka arobaini aliyezaliwa Songea lakini akalelewa huko huko angani tangu akiwa ananyonya. Alikuwa mtu mpole, mwenye heshima, na Kalunde hakuwa na kinyongo naye. Alimweleza kwamba zile alama za Pazi hazikuwa alama, kwamba marehemu alikuwa mtani wake.

Mhandisi akauliza, "Kwa hiyo, Mama, alikuwa anasema uongo?"

"Si uongo, mwanangu. Ni utani."

"Tofauti yake ni nini?"

Kalunde hakuwahi kuulizwa swali hilo maishani. Alitafuta jibu kwenye kikombe cha chai, akalipata.

"Uongo unataka uuamini," akasema. "Utani unataka uujibu."

Mhandisi Haule alisema analielewa hilo, ila Kampuni haitalielewa bila ushahidi. Kanuni ilikuwa moja: alama ni ile iliyotamkwa. Njia ya kuipindua ipo, nayo ni kufungua kumbukumbu za kinasamwili na kuonyesha kwamba mwili wa Pazi ulisema jambo tofauti na mdomo wake. Lakini kionjeo hakiwezi kubeba Pazi wawili. Ukithibitisha kwamba mdomo ulikuwa ukitania, mashine itafuata mwili peke yake, na yote aliyotamka yatafutwa.

"Yote?" Kalunde aliuliza.

"Yote, Mama. Hata yale maneno ya kiberiti."

Upande mmoja mama yake, miaka thelathini ya kunusa majani, Ijumaa moto. Upande wa pili sauti pekee duniani iliyobaki ya kumtania. Aliona aibu kwamba alikuwa anapima, lakini alipima. Mwishowe akamwambia mhandisi afungue.

Ukuta ukajaa mistari ya rangi. Mhandisi Haule alieleza kila mmoja kwa kidole: huu wa kijani ni mate, huu wa buluu ni pumzi, huu mwekundu ni moyo. Mtu anapofurahia ladha, mate yanajaa na pumzi inarefuka. Akachagua Nyanzala tu, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mstari wa kijani ulipanda kama mkwezi wa mnazi, kila mara, juu kuliko kwa sigaa nyingine yoyote. Mhandisi akapiga hesabu. Mwili wa Pazi ulikuwa ukiipa Nyanzala tisa na nusu.

"Amekuzidi wewe mwenyewe," Mhandisi akasema.

"Mzaramo huyu," Kalunde alisema.

Waliendelea mpaka mwaka wa nane, na hapo Mhandisi Haule akakunja uso. Mstari wa kijani ulikuwa umelala. Akafungua Bibi Harusi ya mwaka huo, ukalala. Akafungua sigaa kali ya Kusini inayotoa watu machozi, nao umelala vile vile. Miaka miwili mizima, sigaa mia nane na zaidi, mate ya Pazi hayakuitikia hata moja.

Alisema polepole kwamba maradhi ya koo wakati mwingine huanza hivyo, ulimi unatangulia kufa. Mzee huyu hakuwa anaonja chochote. Je, alama za miaka hiyo alizitoa wapi?

Kalunde alijua. Alijua palepale, na akajilaumu kwa kutojua mapema. Alikumbuka Pazi alivyoanza kuchelewa kutoa alama, akisubiri yeye aseme kwanza, akimwuliza, haya Mnyamwezi, umepata nini humo? Alikumbuka vijiko vitano vya sukari kwenye chai ya Pazi, na yeye alivyomcheka kwamba uzee umemrudisha utotoni. Kumbe alikuwa akimsoma usoni. Aliona paji likikunjika, akapunguza. Aliona jicho likilegea, akaongeza. Miaka miwili Pazi alionja kwa uso wa Kalunde. Angesema ukweli angeondolewa siku hiyo hiyo, na Kalunde angebaki na mashine.

"Kuna mstari mmoja haukulala," Mhandisi akasema.

Ulikuwa ule mwekundu. Kwenye sigaa zote ulitembea tambarare. Kwenye Nyanzala tu, mwaka wa nane, wa tisa, hadi wiki ya mwisho ambayo Pazi alikuja kazini ameshikilia ukuta, mstari mwekundu uliruka, sekunde tatu kabla ya kutamka mbili. Hakuwa anapata asali wala karanga. Moyo ulikuwa unaruka kwa sababu anajua anachotaka kusema, na anajua atatukanwa.

Kalunde alilia, na hakujificha. Alikuwa amelia hivi mara moja tu, Maneromango, siku ya maziko. Siku ile alikuwa na kazi yake kama mtani: kuzuia jeneza njiani, kudai kitu, kuvaa kofia ya marehemu na kumwigiza anavyotembea, watu wacheke wapate nguvu ya kuzika. Alisafiri kwa treni toka Tabora akijipangia maneno. Alipofika akaona jeneza, maneno yote yakamkimbia. Alipiga magoti akalia mpaka shangazi mmoja wa marehemu akauliza kwa sauti, mtani gani huyu analia kama mjane? Hakufanya kazi yake. Lilimkaa moyoni kama mwiba.

"Ile miaka saba ya mwanzo inatosha kuwa ushahidi. Nifute, Mama?" Mhandisi aliuliza.

"Futa."

Alibonyeza kidole kwenye kioo kuthibitisha. Mhandisi Haule alimshika bega kidogo, kwa adabu, kisha akatoka kwenda kutuma ushahidi angani kabla ofisi zao hazijafungwa. Mlango ukajifunga.

Kionjeo kilirudia sigaa ya tatu, kama sheria inavyotaka baada ya masahihisho. Kilikata, kikawasha, kikavuta.

"Nyanzala, jani la Sikonge. Kwa ulimi wa Kalunde: tisa. Kwa ulimi wa Pazi: tisa na nusu. Wastani: tisa na robo. Inabaki sokoni."

Kalunde alisubiri mkia wa maneno. Haukuja. Miaka ishirini na sita alikuwa ametaka kumsikia Mzaramo yule akiri, hata mara moja, hata amelewa. Sasa amekiri, na chumba kimekuwa kimya kuliko siku aliyozikwa.

Alichukua Nyanzala moja kutoka kwenye sanduku, akaikata kwa meno kama mama yake alivyokuwa akifanya, akaiwasha kwa kiberiti chake mwenyewe. Asali ikaja, kisha karanga, kisha ule uchungu. Alisimama akachukua kofia ya Pazi iliyokuwa bado inaning'inia msumarini, akaivaa upandeupande kama alivyokuwa akiivaa mwenyewe, akaukaza uso.

"Mbili," akasema. "Moja ya kiberiti, moja ya kumhurumia aliyelima."

Taa ya kionjeo iliwaka. "Hiyo ni alama ya mwonjaji yupi?"

"Ya mtani."

Mashine ilitafuta kwa muda. "Mtani hayumo kwenye orodha ya waonjaji."

"Najua," Kalunde akasema.