Mpiga Kinanda wa Ziwa Masoko

Bisha. Ezron hupenda mtu mbishi. Humsogezea benchi pale kwa Safina muuza chai, stendi ya Tukuyu, kisha humwambia: sikiliza hii, ukiona ni uongo nenda Ziwa Masoko ukaoge jioni, peke yako. Mpaka leo hajapata mtu wa kwenda.

Shule ilimshinda kidato cha pili, ingawa yeye husema aliishinda shule. Lakini kinanda? Ukisikia vidole vyake unasahau kumchukia. Ndiyo maana Ackson, kijana wa filamu kutoka Mbeya, alimchukua acheze mwanamuziki mwenye kipaji aliyezaliwa melini, anayeishi baharini na kukataa katakata kushuka. Bahari iko mbali, wakaifanya Masoko bahari. Meli ikawa chelezo cha madumu matupu na mbao. Kinanda wakaazima kwa kwaya ya kanisani.

Kila kamera ilipowashwa, Ezron alisimama juu ya maji akasema, "Nchi kavu siitaki. Nyumbani kwangu ni hapa."

"Rudia," Ackson alisema. "Bado sijakuamini."

Akarudia. Akarudishwa tena. Bibi yake, Sekela, anayekaa mlimani juu ya ziwa hilo, alikuwa anapita na magimbi kichwani. Akasimama.

"Gwe Ezron, unaapa na nani huko?"

"Ni filamu, Bibi. Naigiza."

"Haya. Na maji umeyaambia kwamba unaigiza?"

Ezron alicheka mpaka chelezo kikayumba.

Jioni mawingu yalishuka, Ackson akapanda bodaboda kuiwahisha kamera yake mjini. Kinanda kikasahaulika kwenye chelezo, na kesho yake ilikuwa Jumapili. Ezron akateremka kukifuata, anapiga mluzi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Hakuna ndege, hakuna chura...

Kisha akasikia kinanda.

Taratibu. Wimbo wake mwenyewe, alioutunga kwa ajili ya filamu, ila unapigwa vizuri kuliko anavyoupiga yeye. Hilo ndilo lililomuudhi. Hofu ilikuwa bado njiani, wivu ulitangulia.

"Nani anachezea kinanda cha watu?"

Akaingiza mkono mfukoni atoe simu amulike. Vidole vikagusa betri. Betri za kinanda. Alizitoa mwenyewe, kabla Ackson hajaondoka.

Wimbo ukaendelea.

Wewe ungekimbia. Ezron akapanda chelezo. Hakukuwa na mtu. Vitufe vilibonyea vyenyewe, vimelowa, na harufu ilikuwa ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni wiki nzima. Akageuka nyuma. Ufuko ulikuwa umesogea mbali. Kamba ya kukifungia chelezo ilielea, haikukatika... fundo lilikuwa limefunguliwa kwa utulivu, kama mtu anayefungua mlango wa kwake.

Sauti ikamjia sikioni. Sauti yake mwenyewe.

"Nchi kavu siitaki."

"Naitaka," Ezron alinong'ona.

"Nyumbani kwangu ni hapa..."

Maji yalipanda juu ya mbao polepole, yakamfunika miguu kama mama anavyomfunika mtoto shuka. Baridi ikapanda nayo hadi magotini.

Ndipo akakumbuka. Kwao, ndugu wakigombana, kupeana mkono hakutoshi. Unatia maji mdomoni, unayatema mbele ya uliyekosana naye, na unatoa kila lililo moyoni. Kila lililomo. Ukibakiza neno, umetema bure. Ezron akachota maji ya ziwa kwa kiganja, akajaza mdomo, akayapuliza juu ya vitufe. Fuuu.

"Nilikuwa naigiza," akasema, kidevu kimeinuliwa. "Maneno yale ni ya Ackson. Mimi nina mama, nina chai ya kuchuma, nina miguu ya kukanyagia udongo. Na wewe unayepiga, mkono wako wa kushoto mzito. Nivute kama unaweza. Kwa hiari yangu siji."

Wimbo ukakatika katikati.

Chelezo kikaanza kurudi, bila kasia, bila upepo. Kilipogonga tope Ezron akajitwisha kinanda, akapanda mlima bila kukimbia. Ndivyo anavyosimulia.

Bibi Sekela alipoambiwa hakushangaa. Alisema ziwa lile halimkamati mtu. Humngoja ajitoe. Nani hupiga humo, hakusema, na Ezron hakuuliza mara ya pili. Jumapili kinanda kililia kama kawaida, ila wanakwaya walilalamika kwamba kinanuka.

Hapo ndipo hadithi huishia, na wabishi hulipia chai.

Lakini juzi mvua ilikuwa imefunga Tukuyu nzima, benchi likabaki na Ezron peke yake. Safina alikuwa anafuta vikombe.

"Kaka Ezron, mimi kwetu hatutemi maji, sijui mambo yenu. Nauliza tu. Siku ile ulisema yote?"

Ezron akazungusha kikombe kitupu.

"Ile mara ya mwisho, Ackson aliposema rudia..."

"Enhe."

"Ile ndiyo aliyoipenda. Alisema sasa nimekuamini." Akatazama mvua ikijaza mtaro mbele ya miguu yake, akaiacha miguu palepale. "Sikuigiza, Safina. Huku mimi ni yule aliyeacha shule, wa kubebeshwa ndizi za watu. Pale juu ya maji kila kitu kilinyamaza kunisikiliza. Nikasema nchi kavu siitaki, na nilimaanisha."

Safina akaacha kufuta.

"Hilo," Ezron akasema, "sikulitema."