Gari Linalozima Kwenye Taa

"Laki mbili umekula, na gari bado inazima!" dereva wa teksi alifoka.

"Nimekula nini? Kazi nimefanya!" Fundi alitupa spana chini. "Nyaya zote za huo mfumo wa kujizima nimekata, kaka. Haupati umeme popote."

"Basi inazimwa na nani?"

"Twende, nikaone kwa macho yangu."

Wakaondoka na teksi hiyohiyo, mchana kweupe. Gari lilitoka kiwandani hivyo: ukisimama kwenye taa linajizima kubana mafuta, ukiachia breki linawaka. Madereva wanaichukia tabia hiyo, na wana haki. Kitufe cha kuizuia kipo, lakini kila ukiwasha gari upya lazima ukibonyeze tena. Dereva alikibonyeza kila siku kwa ajili ya mama yake, maana mama alijua kitu kimoja tu kuhusu magari: injini ikinyamaza, safari imekwisha. Hapo hapo anafungua mkanda, anashika mlango. "Tumefika, mwanangu?"

"Mama, wewe utanishukia mtaroni siku moja!" Wanacheka wote wawili.

Siku moja alisahau kitufe. Taa ilikuwa nyekundu, naye ametoa kichwa dirishani akimtukana dereva mwenzake. Hakumsikia mama akiuliza. Mama akashuka upande wa malori.

Sasa dereva na fundi walipofika kwenye taa zilezile, injini ikanyamaza. Fundi akatazama dashibodi. Ndani ya gari mkanukia mafuta ambayo mama alikuwa akichulia magoti. Nyuma, mkanda ukafunguka: kliki.

"Nani yuko nyuma?" fundi alinong'ona.

"Usigeuke."

Pesa zote fundi alirudisha siku hiyohiyo, tena bila kudaiwa.

Dereva akaenda kwa mganga, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. "Huyo si mama yako," alisema. "Ni jini. Lilikuwepo pale alipokufa, likaokota sauti yake. Likiuliza kama mmefika, usijibu. Ukinyamaza mpaka taa iwe kijani, litashuka. Ukijibu, utalibeba mpaka linakokwenda."

"Na sauti?"

"Litaondoka nayo."

Dereva aliinamisha kichwa. "Ndiyo kitu pekee cha mama nilichobaki nacho."

"Ndicho kinachokula maisha yako, mwanangu."

Kesho yake mganga alikaa kiti cha mbele. Kwenye taa, injini ikazima. Harufu ikaja, mkanda ukafunguka.

"Tumefika, mwanangu?"

Dereva alikamata usukani, akang'ata mdomo mpaka akaonja damu, na nyuma yake akasikia gauni likisugua kiti taratibu, na magoti yakilia kama yalivyolia kila mama alipoinuka, na kitasa kikivutwa, na mlango ukiachama, na kelele za malori zikimwagika ndani pamoja na vumbi, na ile sauti, iliyochoka, yenye adabu, isiyotaka kumsumbua mtu, ikiuliza tena, "Nishuke, mwanangu?"

"Nyamaza," mganga alinong'ona. "Taa inabadilika. Nyamaza!"

"Bado, mama!" Dereva alipiga yowe. "Bado! Kaa! Kaa ndani, mama yangu!"

Mlango ukafungwa. Injini ikawaka yenyewe.

Mganga alifungua mlango wake akashuka, hakuaga. Dereva alilia usukani ukalowa, huku madereva wa nyuma wakimpigia honi. Kisha mkanda wa nyuma ukajifunga, na sauti ikaja karibu kabisa na sikio lake, nayo haikuwa ya mama tena.

"Umesema bado. Nifikishe."